Aliyeruka Siku ya Mnada

Wapendwa, tukiwa katikati ya wimbo wa pili ilipita ndege juu ya bati letu, na nusu ya kwaya ikageukia dirishani. Sauti ya pili ikapotea kabisa. Msikatae, niliwaona! Na mimi niliangalia, kwa hiyo leo hatugombani. Ila imenikumbusha jambo. Mpaka leo, huko duniani, watu wazima wenye shahada zao bado wanabishana ni nani aliyekuwa wa kwanza kuruka kwa ndege yenye injini. Hawa wanasema ni wa kwetu. Wale wanasema hapana, wenu alisukumwa. Wengine wanasema wa kwetu aliwatangulia wote, ila siku hiyo hakukuwa na mtu wa kumwona. Basi mfano wangu wa leo nimeutungia hapo. Msije mkatoka hapa mkaanza kuulizana ni kijiji gani, na majina nawapa mimi tu ili tusipotee njiani. Nipeni masikio yenu.

Katika nchi ya pamba kulikuwa na vijiji viwili, katikati yake mto wa mchanga, ule unaopata maji miezi mitatu tu kwa mwaka. Kijiji cha juu kilikuwa na fundi baiskeli, tumwite Maduhu. Kijiji cha bondeni kilikuwa na fundi wa mashine za kusaga, tumwite Nkwabi. Na katika nchi hiyo hakuna binadamu aliyewahi kuiacha ardhi kwa chombo chenye injini. Walioruka walikuwa kunguru na kumbikumbi, basi.

Sasa hawa mafundi wawili waliingiwa na wazimu wa aina moja. Kila mmoja kwake alikuwa anaunda ndege. Mianzi, waya, mnyororo wa baiskeli, injini iliyotolewa kwenye pampu ya maji, na mabawa ya kitambaa cha marekani kilichopakwa uji wa muhogo ili kikauke na kukakamaa. Wake zao walilia kwa ajili ya ule muhogo. Na kila mmoja alijua mwenzake anafanya nini, kwa sababu vijiji havina siri.

Nkwabi alitangulia kujaribu. Jumapili moja aliita kijiji kizima, wakaja na mikeka na viti vya miguu mitatu. Mashine ikanguruma, ikakimbia, ikakata kona yenyewe, ikaingia kwenye zizi la mbuzi. Jamani! Watu walicheka mpaka wakashikana. Mwezi mzima Nkwabi hakuamkiwa "habari za asubuhi", aliamkiwa "mee".

Ndipo akafanya kosa lake, na ni kosa ambalo wengi wetu tungelifanya. Alisema moyoni, safari hii sitaki mtu wa kunicheka. Akangoja siku ya mnada. Mnajua siku ya mnada kijijini: hata mgonjwa anapata nafuu ili aende. Kijiji kilibaki kitupu. Nkwabi akaisukuma mashine yake hadi kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, ambako miti ya pamba ilikuwa imeng'olewa na kurundikwa marundo marundo ikingoja kuchomwa.

Na huyu Maduhu wa kijiji cha juu, siku hiyo yuko wapi? Alimwambia mkewe anakwenda mnadani kutafuta spoki. Spoki gani! Alivuka mchanga wa mto, akapita nyuma ya mashamba kwa kuinama, akalala kifudifudi nyuma ya rundo la miti ya pamba. Amekuja kuchungulia. Tena, niwaambie ukweli, amekuja akiomba mwenzake aanguke.

Mara ya kwanza mashine ilizima. Mara ya pili ilikimbia ikachoka. Mara ya tatu Nkwabi alisogeza kiti chake mbele kidogo, akafunga kamba za bawa, akawasha. Mashine ikaja kwa kasi kuelekea upande wa Maduhu, vumbi nyuma yake, na Maduhu akaona kitu ambacho hajawahi kukiona tangu azaliwe. Aliona mwanga chini ya magurudumu. Ardhi huku, magurudumu kule, katikati hewa tupu. Ilipita juu ya shamba kimo cha mtu aliyesimama, Nkwabi akiwa ameng'ang'ana na mdomo wazi, ikaenda, ikaenda, ikatua kwa kishindo na kuvunja gurudumu moja.

Nkwabi alitoka mbio. Aliizunguka mashine, akaipiga piga ubavuni, akacheza peke yake, mtu mzima na ndevu zake. Kisha akatulia. Akatazama kaskazini, akatazama kusini. Akapaza sauti shamba zima: "Jamani! Yupo mtu? Kuna aliyeniona?"

Maduhu alikuwa hatua thelathini tu kutoka pale. Wapendwa, ninyi mngefanya nini? Wewe unayetikisa kichwa, ungesimama? Ungejitokeza na majani kwenye nywele useme, nimekuona ndugu yangu, umenishinda? Maduhu aliuzika mdomo wake kwenye udongo. Nkwabi aliita tena, na sauti yake ilianza kukatika, na bado Maduhu hakunyanyuka. Alibaki pale mpaka mwenzake alipoikokota mashine nyumbani kwa gurudumu moja.

Jioni watu waliporudi kutoka mnadani, Nkwabi aliwasimulia mlango kwa mlango. Walimjibuje? "Mee."

Maduhu alirudi kwake akasogeza kiti cha mashine yake mbele kidogo. Mmenisikia? Kidogo tu, kama alivyoona. Miezi minne baadaye, siku ya sikukuu, akawaita watu wote, na mkubwa wa wilaya, na mpiga picha. Wanaume kumi walivuta kamba kuipa mashine mwendo, injini ikapokea, na Maduhu akaruka juu ya vichwa vya watu, akapita juu ya mto wa mchanga, akageuka, akarudi, akatua taratibu. Ilikuwa kazi nzuri, sitamnyima haki yake. Wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mkubwa wa wilaya alimshika mkono akasema, "Wewe ndiye wa kwanza."

Maduhu akasema, "Ahsante."

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Watu wa bondeni walikuwa wakimcheka Nkwabi wao, lakini waliposikia kijiji cha juu kinajisifu, ghafla wote wakamtetea, ingawa kisimani kwao bado alikuwa "mee"! Kila harusi, kila mechi, kila kilabu ni mabishano.

"Wenu alivutwa na wanaume kumi," walisema bondeni. "Hata kiti changu cha jikoni kikivutwa na wanaume kumi kitaruka. Wetu aliruka kwa injini yake mwenyewe!"

"Nani alimwona?" walijibu wa juu. "Taja jina la mtu mmoja. Mmoja tu!"

Mambo yakaharibika. Zamani vijiji hivi vilisaidiana kuchoma miti ya pamba. Sasa kila upande ulichoma ya kwake. Uchumba ulivunjika. Mpira ulivunjika na meno mawili ya golikipa. Wakabishana mpaka maana ya kuruka yenyewe: kuku akipanda juu ya ua ameruka au amedandia? Na siku zote hizo Maduhu alikuwa anakaa kwenye kiti cha mbele, watu wakimwita Baba wa Ndege, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumuuliza yeye, "Maduhu, ulimwona Nkwabi akiruka?" Nani angemuuliza? Hivyo hakusema uongo. Alikaa kimya tu. Miaka kumi na moja.

Mwaka wa kumi na moja wazee wa pande zote mbili walichoka. Wakakaa, wakaamua liwekwe jiwe pale ukingoni mwa mto, lichongwe kwamba Maduhu ndiye wa kwanza, na Nkwabi asimame mbele ya watu wote akane kwamba hakuruka, yaishe. Asipokana atatengwa. Mnajua kutengwa? Hapewi moto. Hachoti kwenye kisima cha wote. Akifiwa, hakuna wa kumchimbia kaburi. Hata bondeni walikubali, maana walitaka amani na mabinti zao waolewe.

Asubuhi ya siku hiyo mke wa Maduhu alikuwa anampigia pasi shati jeupe.

"Baba Sayi," alisema, "mtu anapewa jiwe na uso umekuwa wa msiba. Una nini?"

"Tumbo," alisema Maduhu.

"Tumbo hilo limekuuma tangu walipotangaza jiwe. Kula uji."

Hakula. Alikwenda kama anaburutwa. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za mchanga, ngoma zimewekwa tayari, na jiwe limefunikwa shuka. Maduhu alikalishwa mbele. Moyoni alikuwa na hesabu yake, nayo ilikuwa hii: Nkwabi ni mbishi, atakataa kukana, watamtenga, na mimi nitakuwa nimeyaona haya yote nikiwa nimekaa kwenye kiti. Ila niliposema "ahsante" siku ile nilifunga mlango. Leo nikisema, nitakuwa nani? Wanangu wataitwa watoto wa nani? Mnamwona alivyobanwa? Jina lake lote, heshima yake yote, mkate wa nyumba yake, vilisimama juu ya siku moja aliyolala kwenye udongo na kunyamaza.

Mwenyekiti wa baraza, Mzee Lubango, akamwita Nkwabi. Akasimama. Alikuwa amekonda, na nywele zimekuwa nyeupe kabla ya wakati wake.

"Nkwabi, tumeshasema mengi," mzee alisema. "Sema wewe mwenyewe, tumalize. Uliruka, au hukuruka?"

Watu walingoja aanze kubisha kama kawaida yake. Maduhu naye alikuwa anangoja abishe. Hakubisha.

"Wazee wangu," alisema Nkwabi, "miaka ya kwanza nilikuwa nawajibu upesi, mnakumbuka. Nilikuwa nina hakika. Lakini mtu akiambiwa jambo kila siku… Sasa nikifumba macho naona magurudumu yameachana na ardhi, nikifumbua naona zizi la mbuzi. Labda lilikuwa tuta, gurudumu likadunda. Labda jua lilinipiga kichwani. Ninyi wote mnasema sikuruka, mimi peke yangu nasema niliruka. Watu wengi kiasi hiki hamwezi kukosea. Andikeni. Andikeni kwamba siku…"

"Asiandike mtu!"

Nani huyo? Ni Maduhu, amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. Hata yeye hakujua kama amesimama. Miaka yote alidhani amemnyima mwenzake sifa tu, na sifa, alijiambia, mtu anaweza kuishi bila hiyo. Hakujua kwamba amemwibia ile siku yenyewe. Mtu alifanya jambo kubwa kuliko yote ya maisha yake, na sasa anasimama mbele ya watu anauliza kama alikuwa mgonjwa!

"Maduhu, keti, zamu yako bado," mwenyekiti alisema.

"Siketi, mzee. Mlitaka jina la mtu mmoja aliyemwona. Andikeni langu. Nilikuwepo."

Watu hawakuelewa. Mmoja akasema, "Amelogwa." Binamu yake Maduhu akamvuta shati lile jeupe, "Wewe, unatuuza?" Maduhu akajinasua.

"Siku ya mnada ile nilimdanganya mke wangu, mke wangu yule pale. Nilikuja kumchungulia Nkwabi, nikalala nyuma ya rundo la miti ya pamba. Ameruka. Mimi nimemwona. Aliposhuka aliita akiuliza kama kuna mtu, nami nikanyamaza. Hata kiti cha mashine yangu nilikisogeza kwa kumwiga yeye. Mimi nilikuwa wa kwanza kuonekana. Kuruka, wa kwanza ni huyu hapa."

Wapendwa, mnadhani Nkwabi alifanya nini? Kama mngekuwa ninyi, baada ya miaka kumi na moja ya "mee"? Kuna wa kurusha ngumi hapa, nawajua. Nkwabi alivuka mchanga akaja mpaka mbele ya uso wa Maduhu, na alichouliza ni swali la fundi.

"Yalinyanyuka yote mawili? Au la kushoto lilikuwa bado linagusa?"

"Yote mawili," alisema Maduhu. "Niliona mwanga chini yake. La kushoto lilitangulia, la kulia likafuata."

"La kushoto lilitangulia…" Nkwabi alinyoosha mikono kama mabawa, akainamia kulia. "Eeh! La kushoto lilitangulia, maana bawa la kulia lilikuwa zito! Nilienda umbali gani?"

"Ulipoondoka nilitoka nikapima kwa miguu. Hatua mia na kumi."

"Mia na kumi?"

"Mia na kumi, kaka. Haikudunda kwenye tuta. Uliruka."

Nkwabi aliwageukia watu. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Kwa hiyo niliruka," alisema polepole. Kisha akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama: "Niliruka, jamani! Sikuota! Nina akili zangu! Niliruka!"

Wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa mkewe, mama aliyepanga foleni kisimani miaka kumi na moja akipigiwa "mee" mgongoni. Kigelegele chake kilipasua mto ule! Bondeni wote wakapokea. Ngoma zilizoletwa kwa ajili ya Maduhu zikapigwa, na wapigaji wenyewe hawakujua wanapiga kwa ajili ya nani. Watu wa juu walinuna kwanza, binamu amesusa ameondoka. Lakini nani anaweza kumtazama mtu aliyerudishiwa siku yake halafu akae amekunja mikono? Wakavuka mchanga, mmoja, wawili, kisha wote.

Maduhu alikuwa anangoja apigwe. Nkwabi akamshika mkono, akaubana kwelikweli.

"Nina hasira na wewe, Maduhu. Nitakuwa nayo mpaka masika, pengine mpaka masika ya pili. Lakini leo niache nifurahi kwanza." Akaunyanyua ule mkono juu watu wauone. "Shahidi wangu huyu hapa! Nina shahidi!"

Na Maduhu, aliyekuja pale akiogopa kupoteza kila kitu, alijikuta anapiga kelele kuliko wote, shati limechanika, anaonyesha kwa mikono jinsi gurudumu la kushoto lilivyotangulia. Watu wakamwambia arudie. Akarudia. Alirudia mpaka akapata njaa, ndipo akakumbuka kwamba hakula uji. Lile jiwe sijui liliishia wapi. Wengine wanasema kina mama walilipindua wakalifanya la kufulia.

Sasa tuje kwetu, na msiniangalie hivyo.

Sisi tunajua uongo ni dhambi. Tumefundishwa tangu shule ya Jumapili. Lakini huyu Maduhu alidanganya nani mbele ya baraza? Hakuna! Kinywa chake kilikuwa safi miaka kumi na moja, na kwa kinywa hicho safi nusura amfukuze mwenzake kisimani na makaburini. Hakusema neno lolote baya. Alikuwa na neno moja zuri ambalo ni yeye peke yake aliyeweza kulisema, akalikalia.

Na sisi tumekalia mangapi? Yule mke wa ndugu yako aliyemuuguza mama yenu miaka minne, akamgeuza kitandani, akamfulia. Siku ya mazishi mlipanga wasemaji saba na jina lake halikutajwa. Ulikuwepo. Uliona. Yule mwenzako kazini aliyelitoa wazo, bosi akakupongeza wewe, ukasema "ahsante". Wanakwaya, huu wimbo tuliouimba leo, wa pili, tulioupotezea sauti kwa ajili ya ndege: ni nani aliyetunga sauti zake? Mnajua. Kila mwaka anatajwa mwalimu tu. Na wewe baba, mkeo alishika nyumba ile miaka uliyokuwa huna kazi, na wewe ukiwasimulia watoto unasema "nilipambana". Ulipambana wapi? Ulikuwa umelala kwenye miti ya pamba!

Tunadhani hao watu wanajua walichofanya, hawahitaji sisi tuwaambie. Wapendwa, hawajui tena! Hapa ndani, asubuhi hii, wamo watu wanaojisemea kimoyomoyo, "Labda sikufanya kitu. Labda lilikuwa tuta tu." Na shahidi wao amekaa benchi la nyuma yao, amevaa vizuri, ameshika kitabu cha nyimbo.

Mungu aliona, mtaniambia. Ndiyo, aliona. Lakini alikuweka na wewe pale ukaona, na hakukuweka bure. Unaogopa utapungukiwa? Maduhu naye aliogopa, na hakuna siku aliyowahi kufurahi kama ile aliyoshindwa mbele ya watu wote. Ushindi upo, wapendwa, na ni mkubwa, na ni wa leo, na kuufikia ni kusimama tu na kutoa majani kwenye nywele.

Basi leo ibada ikiisha msipange mstari mlangoni kunipa mkono mimi. Mimi mkono wangu upo kila Jumapili. Kila mmoja amtafute mtu wake. Kama yuko mbali, simu mnazo, nimezisikia zikiita kwenye sala. Mwambie maneno matatu tu: Nilikuwepo. Niliona. Uliruka.

Nawaona mmeanza kutazamana. Mama wa benchi la tatu, umesimama? Wala usingoje baraka, mama, nenda. Mpisheni njia, apite. Nenda kwake, mama, na umwambie kwa sauti, sote tusikie!